Habari za Kung'olewa kwa Tangazo la Bia katika Kompyuta ya Madrasa

Enyi mlioketi na enyi mnaotafuta viatu vyenu mlangoni, rudini mkae, maana habari hii haisikilizwi kwa mguu mmoja. Naianza kwa jina la Yule ajuaye yaliyo wazi na yaliyofichwa, yakiwemo yaliyofichwa ndani ya kompyuta. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila atakayenyamaza hadi nimalize. Wako walioandika vita vya majemadari na kuanguka kwa ngome. Fungu langu mimi ni vita vya Bi Raya binti Farouk, Mwenye Chaki Isiyotetemeka, mwalimu wa wasichana katika mji wa Mwanza, aliyeingia katika ghala la siri la mashine bila upanga wala ngao, akang'oa humo tangazo la bia.

Ilikuwa mwaka 1998, katika zama ambazo milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa nchi nzima, kila mwenye kibanda akakiita kampuni, na madishi ya satelaiti yakachipua juu ya mabati ya mji, kutoka mawe ya Mabatini hadi ufuko wa Kirumba, kama uyoga baada ya masika. Katika zama hizo akina mama wa msikiti mmoja mdogo, kwa jasho la vitumbua na kashata, walinunua kompyuta ili binti zao wajifunze kazi za ofisi. Ilikuwa ya mkono wa pili, na mkono wa kwanza ulikuwa wa Bwana Ngosha, mwenye Baa na Gesti ya Mawe Pacha, mtu mkubwa wa mwili na mwepesi wa kucheka.

Mashine ikawekwa katika chumba cha pembeni cha madrasa, juu ya meza, katikati ya mikeka. Lakini chumba hicho hakikuwa kitupu kabla yake. Ndimo yalimokaa masufuria ya maulidi, yenye masizi ya karamu nyingi na vishikio vya kubebwa na wanaume wawili wawili, chini ya ulinzi wa Mzee Salum, mwenyekiti wa kamati, ambaye watu walimwita kwa heshima Mlinzi wa Masufuria. Mzee Salum alikitoa chumba kwa sharti moja, akalitamka mbele ya mashahidi: "Chombo kikae maadamu ni kisafi. Siku kitakapoleta aibu kinatoka, na masufuria yanarudi, na habari ya darasa hili inakwisha." Bi Raya akakubali, kwa kuwa hakuwa na chumba kingine chini ya mbingu za Mwanza, na wasichana walikuwa wameshanunua madaftari.

Siku ya Jumatano kamati ikakusanyika kuipokea mashine. Ikasomwa dua. Ubani ukafukizwa hadi mjumbe mmoja akakohoa. Kisha Bi Raya akabonyeza kitufe, nayo mashine ikanguruma, ikawaza, ikaonyesha mawingu yake meupe, na kabla haijafungua uwanja wake wa kazi ikasimamisha mbele ya wazee wale dirisha dogo la kijivu. Kichwa cha dirisha kilisema: BAA NA GESTI YA MAWE PACHA. Chini yake pameandikwa: Bia baridi saa zote. Mteja ni mfalme, mradi asilale mezani. Na chini ya hayo palikuwa na kitufe kimoja tu, kilichoandikwa OK.

Mzee Salum akasoma. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa, akasoma tena, na bia ilikuwa bado baridi.

"Binti," akauliza, "hiki kitu kinataka nini?"

"Kinataka nibonyeze OK, Mzee, ndipo kitupishe."

"OK ndiyo kusema nini?"

"Ni kusema nimekubali."

"Na kitufe cha kukataa kiko wapi?"

"Hakipo, Mzee."

Hapo Mlinzi wa Masufuria akasimama, akashika fimbo yake katikati, akahutubia. "Wajumbe, mimi si adui wa elimu. Nimeona redio zikiingia mji huu, nikaona televisheni zikiingia, wala sikusimama njiani. Lakini redio ikisema nisilolipenda naizima, hainidai kwanza niikubalie. Hii inatusimamisha ndani ya nyumba yetu wenyewe, inatusomea sifa za bia, kisha inakaa kungoja tuseme ndiyo. Je, binti zetu watakuwa wanaungama haya kila asubuhi kabla ya somo? Ijumaa baada ya swala wazazi watakuja kuitazama. Ikiwashwa ikatamka hata jina la baa ile, inarudi ilikotoka, na masufuria yangu yanarudi yalikotoka."

Wajumbe wakaitikia, na hakuna aliyekiri kwamba alikuwa akikumbuka pilau.

Bi Raya hakulia. Alijifunga mtandio, akashuka hadi Kirumba, akamkuta Bwana Ngosha juu ya paa la baa yake akielekeza dishi jipya angani.

"Karibu, Mwalimu," Ngosha akaita kutoka juu. "Mashine inafanya kazi?"

"Inafanya kazi kupita kiasi. Inauza bia madrasani."

Ngosha akacheka hadi dishi likageukia Ukerewe. "Lile tangazo! Nilimwambia fundi aliweke ndani kabisa, kwenye mfupa, mhudumu asije akalifuta kwa kitambaa. Kumbe yule bwana alinisikia vizuri."

"Basi mwite alitoe."

"Alishapanda meli, karudi kwao Kisumu. Mwalimu, mimi nimeuza mashine tu. Tangazo mmelipata bure."

"Bwana Ngosha, kwa ajili ya maneno yako binti zetu watakosa darasa."

Ngosha akaacha kucheka, maana naye alikuwa na binti. Akafikiri kwa uaminifu wote wa moyo wake. "Kama neno bia ndilo linalowakera wazee," akasema, "andikeni soda."

Basi Bi Raya akaondoka, akapanda hadi Nyamagana, akamtafuta Venant, kijana wa Bukoba aliyetengeneza mashine za chapa na kompyuta katika kibanda karibu na soko, Bingwa wa Bisibisi, ambaye hakuna kifuniko kilichopata kumkatalia. Naye akaahidi kuja Alhamisi baada ya adhuhuri, na adhuhuri ilipopita akaja.

Alifika kwenye kizingiti cha chumba, akaitazama mikeka, akavitazama viatu vilivyovuliwa, akaketi hapo hapo mlangoni, buti zake zikiwa nje na magoti ndani.

"Pita, fundi," akasema Bi Raya.

"Hapa panatosha, Mwalimu. Mimi nikikaa na upepo ndipo akili inakaa sawa."

"Mashine iko huku, na kioo kimeelekea ukutani. Utaonaje?"

"Kazi yenyewe si ya macho. Ni ya maneno. Mimi nasema, wewe unabonyeza."

Bi Raya hakuuliza zaidi, kwa kuwa mgeni hasukumwi. Akaketi mbele ya kioo. Venant akainua kidole, na sauti yake ikatoka kizingitini kama ya mwadhini aliye mbali.

"Sikiliza kabla hujagusa. Ndani ya kila mashine ya aina hii kuna ghala, sisi mafundi tunaliita rejista. Kila tabia ya mashine imeandikwa humo: rangi yake, salamu zake, jina la mwenyewe, kila kitu. Kwa kawaida mtu haingii, na mlango wake hawakuuweka pale pa kuonekana. Ukiingia, ujue humo hakuna kuhifadhi wala kurudi nyuma. Ukiandika, umeandika. Ukifuta, umefuta. Ukigusa kisichokuhusu, kesho mashine haiamki na mimi usinitafute. Gusa nitakachokwambia peke yake. Kingine chochote, hata kikikuita jina, kiache."

"Nimesikia."

"Bonyeza Start. Halafu Run. Andika regedit, herufi ndogo tupu, usiiache hata moja."

Akaandika, na ghala likafunguka. Nawaambia, haikuwa mandhari ya watu wenye mioyo myepesi. Upande wa kushoto ilisimama milango yenye majina marefu ya herufi kubwa yaliyounganishwa kwa vistari, na kila mlango ulizaa milango, na kila mzaliwa akazaa, ukoo juu ya ukoo, hata mwenye kusoma nasaba za makabila yote ya Waarabu angeomba maji ya kunywa. Wapo mashujaa ambao wangegeuza farasi hapo. Bi Raya alisogeza kiti mbele.

"Usizunguke na milango," akasema Venant. "Tafuta neno. Andika 'baridi', uiache yenyewe ihangaike."

Mashine ikahangaika. Taa yake ndogo ikakonyeza, na tumboni mwake ikasikika sauti kama ya kuku anayekwaruza chini ya ghala la mtama. Kisha ikatulia, na mstari mmoja ukatiwa rangi.

"Unasemaje?"

"Bia baridi saa zote."

"Ndiye huyo. Mbonyeze mara mbili, ufute, uandike unachotaka, ubonyeze OK."

Na hapa, wasikilizaji, ndipo kosa lilipopita kati ya watu wawili waaminifu bila kugusa bega la yeyote. Maana jirani ya mstari ule Bi Raya aliona mstari mwingine, na ndani yake jina la baa, limekaa kimya. Alilisoma. Lakini alilelewa katika chuo ambacho mwanafunzi hatangulii mahali ambapo mwalimu wake hajafika, na mwalimu wa saa ile alikuwa amesema kingine chochote akiache. Akaona kwamba huenda lile ndilo jina la mashine yenyewe, na kulifuta ni kuiua. Akaliacha. Naye Venant, ambaye angeuona mstari ule kwa jicho moja, alikuwa kizingitini akitazama ndala za wajumbe.

Bi Raya akafuta bia, akafuta na mfalme wake. Mahali pake, kwa furaha ya mtu aliyeteka boma, akaandika yale maneno matukufu ambayo kwayo kila jambo jema huanza.

"Umeandika nini?" Venant akauliza.

"Nimeandika la kuanzia."

"Vizuri sana. Izime, uiwashe."

Kabla hajaiwasha, alasiri ikaadhiniwa. Watu wakaswali, na kamati ikatoka msikitini moja kwa moja hadi chumbani, Mzee Salum akiwa mbele. Bi Raya akabonyeza kitufe akiwa na uso wa ushindi. Mawingu yakaja, mawingu yakaondoka, na dirisha la kijivu likasimama mahali pake. Kichwa chake kilikuwa kile kile, BAA NA GESTI YA MAWE PACHA, na chini yake pamewekwa yale maneno matukufu. Chini kabisa, OK.

Huko nje, kwenye bomba, mtu aliyekuwa akijaza ndoo alisikika akiimba.

"Jana," akasema Mzee Salum kwa sauti ndogo, "tulikuwa na baa iliyoingia madrasani. Leo tuna baa iliyofunguliwa kwa bismillahi."

"Mnaona nini huko?" Venant akauliza kutoka mlangoni.

"Njoo uone mwenyewe," akasema Mzee Salum. Venant hakusogea. Mzee akamgeukia. "Kijana, dini yako inakukataza kuvua viatu?"

"Hapana, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Una donda mguuni?"

"Hapana, Mzee."

"Basi tunakungoja."

Venant akatazama buti zake kwa muda mrefu. "Ni soksi, Mzee."

"Zina nini?"

"Hazina mbele."

Kamati nzima ikainamisha macho kwa adabu. Mlinzi wa Masufuria, ambaye kwa saa ile alikuwa na kila sababu ya kughadhibika, akapangusa uso wake kwa kiganja. "Humu ndani," akasema, "sote tuna vidole. Vua uingie."

Bingwa wa Bisibisi akavua, akaingia, kidole gumba cha mguu wa kulia kikiwa kimetangulia kama mjumbe wa sultani. Akazunguka meza, akakitazama kioo, akafumba macho.

"Mwalimu, kichwa mbona hukukifuta? Vinakaa mbalimbali, kichwa na mwili, lakini ni kitu kimoja."

"Ulisema nisiguse kingine hata kikiniita jina."

"Nilisema."

"Kiliniita jina la baa, nikakiacha."

Venant akakitazama kidole chake gumba. "Kosa ni la soksi," akasema.

Basi wakaingia ghalani mara ya pili, safari hii macho mawili yakiwa nyuma ya mikono miwili. Mistari ile ikaonekana, kichwa na mwili, ndugu wa tumbo moja. Mzee Salum akakohoa, akasema kwamba kwa kuwa nafasi ya kuandika ipo, basi pasiandikwe neno fupi tena; paandikwe hamdu, na sala, na jina la madrasa, na shukrani kwa kamati, na majina ya wajumbe kwa vyeo vyao. Akaanza kuyasema hapo hapo, kwa vina, na wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuridhika kila jina lilipopita.

Bi Raya akaondoa mikono yake juu ya kibodi. "Mzee wangu, niruhusu."

"Sema, binti."

"Kila atakayeiwasha mashine hii itambidi abonyeze OK ndipo apite. Atabonyeza mwenye udhu na asiye na udhu, mwenye haraka, mwenye hasira. Mimi nimekosea mchana huu, na nimelijua kosa langu. Jina la Mola wetu halikai mlangoni kungoja mtu aliambie sawa."

Mzee Salum akailaza fimbo yake chini. Akaketi juu ya mkeka. Alikuwa amejiandaa kushindana na bia, wala hakujiandaa kwa hili. "Basi tuandike nini?" akauliza hatimaye, na lilikuwa swali la kweli.

"Tusiandike kitu. Kichwa kitupu, mwili mtupu. Dirisha likikosa la kusema halitatoka."

"Ni kweli, fundi?"

"Ni kweli, Mzee. Likikosa maneno halina sababu ya kusimama."

Jua lilikuwa limeshaigusa milima ya mawe, na wadudu wa ziwani, wale wanaopanda kutoka majini kama moshi, wakaanza kuingia kwa dirisha na kutua juu ya kioo chenye mwanga, wakitembea juu ya herufi kana kwamba nao ni wajumbe. Bi Raya akawapangusa kwa ncha ya mtandio. Akayatoa kwanza yale maneno matukufu, polepole, akiyasoma kwa sauti huku akiyaondoa, kama mwanafunzi anavyosafisha ubao wake wa chuo kwa maji safi. Kisha akakigeukia kichwa. Baa ikaanguka. Gesti ikaanguka. Mawe Pacha, yaliyosimama tangu enzi za fundi wa Kisumu, yakang'oka herufi baada ya herufi, hata pasibaki ila kistari cha kuandikia, kikipepesa peke yake katika uwanja mtupu. Akabonyeza OK, na ilikuwa ya mwisho.

Na papo hapo umeme ukakatika mtaa mzima.

"Fundi," ikasikika sauti ya Mzee Salum gizani, "tumeshinda au tumeshindwa?"

"Inategemea, Mzee, kama iliwahi kuumeza ufutaji wetu kabla ya kuzimika."

Umeme haukurudi hadi Ijumaa, khutba ikiwa inaelekea mwisho. Swala ilipokwisha uwanja wa madrasa ulijaa wazazi, na wasichana walisimama na madaftari yao vifuani. Venant alikuja akiwa na soksi mpya, akavivua viatu mapema ili zionekane. Bwana Ngosha alikuja pia, kofia mkononi, akasimama mlangoni. Na kando ya ukuta, juu ya mkokoteni, masufuria yote ya maulidi yalikuwa yamepangwa, yamesuguliwa yanang'aa, tayari kuingia. Maana Mzee Salum alikuwa mtu wa kutimiza aliyoyasema.

Bi Raya akapita katikati ya watu, akabonyeza. Mashine ikanguruma. Ikawaza kuliko ilivyopata kuwaza. Mawingu meupe yakaja, yakakaa, na mama mmoja akamshika binti yake mkono. Mawingu yakaondoka. Kisha ukafunguka uwanja wake wa kijani cha ziwa, mtulivu kutoka pembe hadi pembe. Kila jicho likauchunguza likitafuta kisichokuwepo, na hakikuwepo.

Ikawashwa hadharani,
tukakaza macho ndani,
wala neno la baani
humo halikuchomoka.

"Sasa mbona haisemi kitu?" Ngosha akauliza.

"Ndiyo kazi yenyewe," akajibu Mzee Salum.

Ngosha akakitazama kioo kwa huzuni ya mtu aliyekuta jina lake limefutwa ukutani. "Hata soda?"

"Hata soda."

Ndipo takbiri ikapanda, kwanza kwa wazee, kisha kwa akina mama, ikavuka ukuta hadi kwa wauza dagaa barabarani, ambao waliitikia bila kujua ni kwa ajili ya nini. Watu wa mitaa mingine wana mwaka wa njaa na mwaka wa mafuriko. Katika mtaa ule husemwa hadi leo kwamba fulani aliolewa kabla kompyuta haijanyamaza, na fulani baada yake. Mlinzi wa Masufuria akashika mwenyewe mikono ya mkokoteni, akausukuma hadi nyumbani kwake, na masufuria yakakaa sebuleni, mkewe akiyazunguka kila aendapo jikoni. Wasichana wakaingia darasani. Na tangu siku ile hakuna aliyeombwa kukubali jambo lolote katika mlango ule, ila kuvua viatu.